John B. Stetson: alienda kutafuta zahabu, akarudi na kofia

Kwenye ndoa, kwenye misa ya Noeli, hata kwenye matanga, bado kuna wazee wa Kivu na wa Ituri ambao hawatoki nyumbani bila kofia ya felti kichwani. Na wakati kofia za namna hiyo zinatoka mu balo la mitumba, mwenye kujua anageuza ndani kwanza, anatafuta jina. Majina mawili yana sifa kupita mengine: Borsalino ya Italia na Stetson ya Marekani. Borsalino inajulikana sana juu ya Kifaransa, lugha ambamo jina hilo limekuwa karibu jina la kofia yenyewe. Stetson haijulikani sana. Lakini mtu aliyeianzisha, wachimbaji wa Kamituga ao wa Mongbwalu wangemuelewa haraka: kijana mgonjwa, aliyepoteza mali yake, akaenda kutafuta zahabu na hakupata ya kutosha.

Mtoto wa fundi kofia

John Batterson Stetson alizaliwa tarehe 5 Mei 1830, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, mashariki mwa Marekani. Baba yake, Stephen Stetson, alikuwa fundi wa kofia, na Orange yenyewe ilikuwa mji wa mafundi kofia. John alijifunza ile kazi akiwa mtoto: kunyoa manyoya, kuyakandamiza mu maji ya moto, kuyapa umbo la kichwa.

Alipokuwa kijana, munganga alimwambia kwamba ana kifua kikuu. Wakati ule hakukuwa dawa ya ugonjwa huo. Stetson aliona kwamba kama siku zake ni chache, afazali azitumie kuona nchi. Akaacha kazi, akaelekea magharibi.

Alifika Saint Joseph, mji wa jimbo la Missouri, kando ya mto wa jina hilohilo. Pale alipata kazi pahali pa kufyatua matofali. Alifanya vizuri, akapanda cheo, mpaka akawa mumoja wa wenye kampuni. Kisha mto Missouri ulifurika. Maji yalibeba matofali, na mali yake yote ikaenda nayo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani, mwaka wa 1861, alitaka kuingia jeshi la Kaskazini. Walimkataa juu ya afya yake.

Zahabu ya Pikes Peak

Katika miaka hiyo watu wengi walikuwa wanakimbilia mlima Pikes Peak, katika eneo la Colorado, juu habari za zahabu zilikuwa zimeenea kila pahali. Stetson alijiunga na kundi moja, wakashika njia. Usiku baridi ilikuwa kali. Wenzake walijaribu kushona hema kwa ngozi za wanyama waliowawinda, lakini ngozi ambazo hazikutengenezwa zinanuka na kuoza haraka.

Inasimuliwa kwamba hapo ndipo Stetson alikumbuka kazi ya baba yake. Alinyoa manyoya ya zile ngozi, akayatawanya, akayarushia maji, kisha akayatumbukiza mu maji ya moto na kuyakandamiza mpaka yakashikana kuwa kitambaa kizito. Wenzake walipata mablanketi na hema. Yeye mwenyewe alijifanyia kofia yenye ukingo mpana, ya kukinga jua, mvua na upepo. Wenzake walimcheka. Lakini siku moja mpanda farasi alipita, akaipenda, na akainunua kwa sarafu ya zahabu ya dola 5.

Katika machimbo Stetson hakutajirika. Lakini alitoka huko na vitu viwili: mapafu yake yalikuwa yamepata nguvu, na alikuwa ameona kwa macho yake kwamba watu wanaokaa siku nzima juu ya farasi, mchana jua, usiku baridi, hawakuwa na kofia inayowafaa.

Dola 100 mu mfuko

Mwaka wa 1865 alirudi mashariki, akakaa Philadelphia. Alikuwa na dola 100. Alikodi chumba kidogo, akanunua vyombo na manyoya ya dola 10, akaanza kazi peke yake. Mwanzo alitengeneza kofia sawa zile za mafundi wengine, lakini soko lilikuwa limejaa na wauzaji hawakuona sababu ya kumuchagua yeye.

Ndipo akakumbuka yule mpanda farasi. Alitengeneza kofia moja pana, yenye kichwa kirefu na ukingo wa karibu sentimeta 10, bila mapambo mengi. Aliipa jina linaloweza kutafsiriwa kuwa Mkubwa wa Tambarare. Kisha akafanya kitu cha hatari kwa mtu mwenye feza kidogo: alituma kofia moja ya mfano kwa wauzaji wa miji ya magharibi, akiwaomba waagize dazani moja. Maagizo yalirudi. Wengine walilipa mbele ili wapate haraka.

Wachunga ng'ombe waliipenda juu ilifanya kazi nyingi. Iliwakinga mvua, ilichota maji ya kunywesha farasi, ilipepea moto. Walinzi wa Texas waliivaa, na baadaye polisi wapanda farasi wa Kanada nao waliichukua kama sehemu ya mavazi yao.

Ubora unatoka wapi?

Felti haifumwi kama kitambaa cha kawaida. Ni manyoya yaliyoshikana yenyewe kwa yenyewe, kwa nguvu ya maji ya moto na kukandamizwa. Mwanzo fundi ana kitu chepesi sawa koni kubwa, kupita ukubwa wa kofia mara mbili ao tatu. Inakandamizwa tena na tena mpaka inapunguka na kuwa ngumu. Kisha inawekwa juu ya kichwa cha mti, inapigwa pasi, na inalainishwa kwa karatasi ya msasa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni: manyoya ya mnyama gani? Ya chini kabisa ni sufu ya kondoo. Bei yake ni nafuu, lakini mvua ikiipiga mara nyingi inalegea na kupoteza umbo. Juu yake kuna manyoya ya lapini, kisha ya sungura wa pori. Ya juu kabisa ni ya kastori, yule mnyama wa mito ya Amerika ya Kaskazini anayekata miti kwa meno. Manyoya yake ya ndani ni mafupi, mazuri, na yanashikana sana, hata maji yanapata shida kupenya. Stetson alijenga jina lake juu ya felti ya namna hiyo. Aliuza bei ya juu, na watu walilipa, juu kofia moja ilidumu miaka mingi.

Giuseppe Borsalino alipita njia nyingine. Alizaliwa Italia mwaka wa 1834, akajifunza ufundi Ufaransa, na mwaka wa 1857 alifungua karakana yake katika mji wa Alessandria. Yeye alitengenezea watu wa mjini. Felti yake, ya lapini na ya sungura, ilikuwa nyembamba, laini, inakunjika vizuri kwa vidole. Stetson ya wapanda farasi ilikuwa nzito na imara. Kuuliza ipi bora ni sawa kuuliza kama kiatu cha kanisani ni bora kupita buti la shamba.

Mwenye kushika kofia ya zamani leo anaweza kuangalia mambo machache. Felti nzuri ikiguswa ni laini na imebanana, haina matundu wala sehemu nyembamba ukiiangalia mbele ya mwanga. Ukingo ukikunjwa kidogo unarudi pahali pake. Mkanda wa ndani ni wa ngozi. Zile alama za X zinazopigwa ndani zinaonyesha daraja la felti, lakini kila kiwanda kilihesabu kwa namna yake. X tano za kampuni moja haziko sawa na X tano za nyingine.

Zebaki

Uzuri huo ulikuwa na bei ambayo haikuandikwa ndani ya kofia. Ili manyoya ya lapini na ya sungura yashikane vizuri, mafundi wa wakati ule waliyapaka dawa iliyotengenezwa na zebaki, ile wachimbaji wa zahabu wanaita merkiri. Mu vyumba vya moto na mvuke, wafanyakazi waliivuta kila siku. Mikono ilianza kutetemeka, meno yalilegea, mate yalitoka ovyo, na tabia ilibadilika: mtu mpole anakuwa mwenye haya kupita kiasi ao mwenye hasira.

Haikuwa siri. Mwaka wa 1860, munganga J. Addison Freeman aliandika juu ya ugonjwa huo kati ya mafundi kofia wa New Jersey, na Orange, mji ambapo Stetson alizaliwa, ulikuwa kati ya miji aliyoitaja. Hata vile ilipita miaka karibu 80. Ni mwaka wa 1941 tu viwanda vya kofia vya Marekani viliacha zebaki. Stetson alikuwa amekufa zamani.

Siku ya leo zebaki hiyohiyo inatumiwa mu machimbo ya zahabu ya Sud-Kivu na ya Ituri, kwa kushika vipande vidogo vya zahabu, kisha inachomwa na mvuke wake unavutwa. Alama za ugonjwa ni zilezile.

Kiwanda, hospitali na shule

Kiwanda cha Stetson kilikua mpaka kikawa kama mji ndani ya Philadelphia. Katika wakati ambapo matajiri wengi hawakujali watu wao, yeye alijenga hospitali iliyotibu wafanyakazi na majirani pia, akaanzisha chama cha kuwakopesha feza za kujenga nyumba, akatoa zawadi za Noeli, na akawapa wafanyakazi sehemu katika kampuni. Alikuwa mukristo wa Kanisa la Baptisti, na shule ya Jumapili ilikuwa ndani ya kiwanda. Ilikuwa wema, na ilikuwa hesabu pia: fundi aliyekaa miaka 20 anatengeneza felti ambayo mtu mpya hawezi.

Alisaidia vilevile shule moja ya Deland, katika jimbo la Florida. Mwaka wa 1889 shule hiyo ilichukua jina lake, na mpaka leo ni chuo kikuu cha Stetson.

Yule kijana ambaye alifikiri siku zake ni chache aliishi miaka 75. Alikufa DeLand tarehe 18 Februari 1906. Kufikia mwaka wa 1915 kiwanda chake kilikuwa na wafanyakazi 5.400, na kilitengeneza kofia milioni 3,3 kwa mwaka.

Baada ya vita vya pili vya dunia, wanaume wa Marekani na Ulaya waliacha kofia polepole. Kiwanda cha Philadelphia kilifungwa mwaka wa 1971. Jina halikufa: kofia za Stetson bado zinatengenezwa, kati ya pahali pengine huko Texas, na ziko za daraja mbalimbali, za sufu na za kastori. Kwa hiyo anayeokota Stetson mu balo asiishie kwenye jina. Aguse felti kwanza.