James Watt: Fundi wa vipimo ambaye jina lake limo katika pedali

UKISIMAMA katika kituo cha biashara cha Butali, kando ya barabara ya kutoka Kakamega kuelekea Webuye, utaona kazi za aina mbili zikipishana. Matrekta yaliyosheheni miwa yanaelekea kiwandani. Pembeni yake hupita baiskeli, hii imebeba madumu ya maji, ile imebeba abiria na kifurushi chake. Miwa itapandishwa kwenye mizani na mkulima atalipwa kwa tani. Jasho la mwendesha baiskeli halina mizani.

Hata hivyo, jasho hilo nalo lapimika. Waendeshaji wa mashindano siku hizi hufunga kipima-nguvu kwenye krenki, yaani ule mkono wa chuma unaobeba pedali, na kifaa hicho huwaonyesha nguvu ya miguu yao kwa wati. Neno wati latokana na jina la James Watt, fundi wa Uskoti aliyeaga dunia miongo kadhaa kabla ya baiskeli za pedali kuenea.

Wengi wanamjua Watt kama mtu wa injini ya mvuke. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kwanza alikuwa fundi wa vipimo, na kwamba swali lililomsumbua kwa muda mrefu ni lile linalomsumbua mkulima wa miwa hadi leo: nitajuaje kwamba nimelipwa kwa haki?

Mtoto wa Greenock

Watt alizaliwa Januari 19, 1736, katika mji wa bandari wa Greenock. Baba yake alikuwa mjenzi wa meli na mfanyabiashara. Mtoto huyo alikuwa dhaifu wa afya, kwa hivyo sehemu kubwa ya masomo yake ya awali aliipata nyumbani kwa mama yake, Agnes Muirhead. Zana za karakana ya baba yake zikawa vitu vyake vya kuchezea.

Mama alifariki, na mali ya baba ikaanza kupungua. Mwaka wa 1755 kijana huyo alikwenda London kujifunza kutengeneza vyombo vya kupimia. Mafunzo ambayo wengine waliyafanya kwa miaka saba aliyakamilisha kwa takriban mwaka mmoja, akarejea kwao akiwa amedhoofika. Mwaka wa 1757 Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa karakana ndani ya majengo yake.

Humo ndimo alimoletewa, majira ya baridi ya 1763, mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Thomas Newcomen ili autengeneze. Watt aliona kwamba kasoro haikuwa katika mfano ule peke yake. Silinda ilijazwa mvuke, kisha ikapozwa kwa maji, kisha ikapashwa moto tena. Makaa mengi yaliteketea bure. Jumapili moja ya Mei 1765, akitembea katika uwanja wa Glasgow Green, alipata jawabu: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, na silinda ibaki na joto lake daima.

Wazo lilikuja siku moja, lakini mkate haukuja. Watt alikuwa amemwoa binamu yake, Margaret Miller, mwaka wa 1764, na familia ilihitaji chakula. Akafanya kazi ya kupima ardhi kwa ajili ya mifereji. Mfadhili wake wa kwanza, John Roebuck, alimsaidia kupata hataza mwaka wa 1769, kisha akafilisika. Mwaka wa 1773, Watt akiwa mbali kaskazini mwa Uskoti katika kazi ya upimaji, mkewe alifariki akijifungua.

Aliyemwokoa ni Matthew Boulton, mwenye viwanda wa Birmingham, aliyechukua sehemu ya Roebuck katika hataza. Bunge liliongeza muda wa hataza hiyo mwaka wa 1775 hadi mwaka wa 1800. Injini za kwanza za ushirika wao zilianza kazi mwaka wa 1776, mwaka ambao pia Watt alimwoa mke wa pili, Ann MacGregor.

Kisanduku chenye kufuli

Hapo ndipo suala la malipo lilipozuka. Watt na Boulton hawakuuza injini kama anavyouzwa ng'ombe sokoni. Mwenye mgodi alitakiwa kuwalipa theluthi moja ya thamani ya makaa aliyookoa akilinganisha na injini ya zamani. Lakini nani angehesabu? Watt alifunga kwenye injini kisanduku cha kuhesabu kila pigo la mtambo, akakitia kufuli ili mtu asikichezee.

Kwa injini za kuzungusha magurudumu, akatafuta kipimo kingine. Wateja wake wengi walikuwa wakitumia farasi, basi akakadiria kazi ya farasi mmoja: kuinua ratili 33,000 kwa futi moja kila dakika. Hiyo ndiyo nguvu-farasi, sawa na takriban wati 746, na mteja akalipa ada ya mwaka kwa kila nguvu-farasi.

Pana kinaya kimoja katika habari hizi. Krenki ndiyo njia nyepesi ya kugeuza mwendo wa kwenda na kurudi kuwa mzunguko. Mguu wa mwendesha baiskeli hufanya hivyo kila dakika. Lakini mwaka wa 1780 James Pickard alipata hataza ya kutumia krenki katika injini ya mvuke. Badala ya kukubali masharti yake, Watt alisajili mwaka wa 1781 mpangilio wa magurudumu mawili yenye meno, moja likilizunguka jingine kama sayari inavyolizunguka jua. Leo, kile kipande alichonyimwa ndicho kinachobeba jina lake katika baiskeli.

Kuanzia sufuri

Ufungaji wa kipima-nguvu si kazi ngumu kwa fundi makini. Katika aina iliyoenea, krenki ya kushoto hutolewa na nyingine yenye kifaa huwekwa mahali pake. Pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na mazoea, kwa kuwa nati zake zimechongwa upande mwingine. Ekseli husafishwa na kupakwa grisi inapohitajika, krenki mpya husukumwa hadi mwisho wake, na skrubu hukazwa kwa spana inayoonyesha kiwango cha mkazo alichotaja mtengenezaji. Zikilegea, krenki hucheza na kipimo hudanganya. Zikikazwa kupita kiasi, chuma huharibika.

Ndani ya krenki mmegandishwa vipande vyembamba vya madini. Mguu unapokandamiza, krenki hupinda kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho, na umeme hupita katika vipande hivyo kwa ugumu tofauti. Kifaa husoma tofauti hiyo, huikokotoa pamoja na kasi ya mzunguko, na jibu huwa wati. Ndiyo sababu urefu wa krenki lazima uingizwe kwa usahihi.

Hatua ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kabla ya safari, krenki huachwa ining'inie wima bila mguu wowote juu yake, kisha kifaa huambiwa kwamba hapo ndipo penye sufuri. Asiyefanya hivyo atapata tarakimu nzuri zisizo na ukweli. Aidha, kifaa cha upande mmoja hupima mguu wa kushoto na kuzidisha kwa mbili. Mwenye mguu mmoja hodari kuliko mwingine akumbuke jambo hilo.

Tuchukue mfano. Baiskeli, mwendeshaji na abiria wana uzito wa kilo 145 kwa jumla. Wakipanda mlima na kuinuka mita 10 kwa dakika moja, miguu ya mwendeshaji imetoa takriban wati 237, bila kuhesabu upepo na msuguano. Hiyo ni karibu theluthi moja ya farasi wa Watt.

Upande wa giza

Haifai kumsifu mtu huyu kwa upande mmoja tu. Sehemu ya mali ya familia yake ilitokana na biashara na makoloni yaliyotumia watumwa, na kumbukumbu za mwaka wa 1762 zinaonyesha kwamba yeye mwenyewe alishiriki katika mpango wa kumkabidhi mtoto mweusi, Frederick, kwa familia tajiri ya Uskoti. Baadaye injini za kampuni yake ziliuzwa pia katika mashamba ya miwa ya Karibiani, zikasaga miwa iliyokatwa na watumwa. Fundi aliyehesabu kila pigo la mtambo hakuweka hesabu ya jasho lao.

Watt alistaafu mwaka wa 1800, akaendelea kubuni vitu katika karakana yake ya nyumbani, na akafariki Agosti 25, 1819, akiwa na umri wa miaka 83. Mwaka wa 1882 William Siemens alipendekeza kipimo cha nguvu kiitwe kwa jina lake, na mwaka wa 1960 wati iliingizwa katika mfumo wa vipimo wa kimataifa.

Urithi wake kwa watu wa Butali, basi, haumo katika mvuke pekee. Umo katika masharti matatu ambayo hata kifaa cha baiskeli huyadai: kipimo kianzie sufuri, kisichezewe na mkono wowote, na pande zote mbili zielewe kinavyofanya kazi. Katika ukanda wa miwa, ambako malalamiko kuhusu uzito si mageni, mkulima anayepeleka mzigo wake ana haki ya kuyauliza hayo matatu kabla trekta halijapanda kwenye mizani.