Fred Lorz: Aliyepanda gari katika marathoni, kisha akarudi kwa miguu yake

KWA wapenzi wa riadha mkoani Dodoma, jina la Boston si geni. Juma Ikangaa, mzaliwa wa mkoa huu, alishika nafasi ya pili katika Marathoni ya Boston kwa miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Katika mwaka wa kwanza alizidiwa kwa sekunde 1 tu na Mkenya Ibrahim Hussein. Orodha ya mabingwa wa mbio hizo, ambayo Ikangaa hakubahatika kuingia, inalo jina la mtu aliyewahi kufungiwa maisha kwa udanganyifu. Huyo ni Mmarekani Fred Lorz, bingwa wa mwaka 1905.

Lorz alizaliwa New York, Juni 5, 1884. Hakuwa mtu wa ukwasi. Mchana alijenga kuta za matofali ili apate riziki, na usiku, wenzake walipokuwa wamepumzika, ndipo alipofanya mazoezi ya mbio ndefu. Kwa juhudi hizo alipata nafasi ya kushiriki Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1904 katika mji wa St. Louis, Marekani.

Marathoni ya michezo hiyo ilifanyika Agosti 30, mchana wa joto lililozidi nyuzi 32. Umbali ulikuwa kilometa 40 hivi, na njia ilijaa vilima na vumbi. Ni sawa na mtu kuondoka Dodoma mjini jua likiwaka, akashika barabara ya Morogoro, akafika Chamwino na kuendelea mbele, huku magari yakimtimulia vumbi usoni na maji yakipatikana kwa nadra. Kati ya wakimbiaji 32 walioanza, ni 14 tu waliomaliza. Miongoni mwao walikuwamo Waafrika wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane aliyekuwa wa 9 na Jan Mashiani aliyekuwa wa 12.

Lorz hakustahimili. Baada ya kukimbia kilometa 14 hivi, misuli ilimkaza na nguvu zikamwishia. Akapanda gari la meneja wake na kusafiri kiasi cha kilometa 18, akiwapungia mkono wakimbiaji na watazamaji aliowapita. Laiti safari ingeishia hapo, jina lake lingesahaulika pamoja na ya wengine walioshindwa siku ile. Lakini gari liliharibika njiani. Lorz akashuka, akaanza kukimbia tena, akaingia uwanjani na kuvuka mstari wa mwisho kabla ya mtu mwingine yeyote.

Umati ulilipuka kwa shangwe. Inasimuliwa kuwa Alice, binti wa Rais Theodore Roosevelt, alikuwa tayari kumvika taji la ushindi ndipo habari za gari zilipofichuka. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na ya Lorz ilikuwa fupi mno.

Alipoulizwa hakukana. Alieleza kuwa ulikuwa mzaha tu na kwamba hakukusudia kuchukua medali. Hata hivyo, ukweli unabaki kuwa aliiacha shangwe iendelee hadi wengine walipomuumbua. Anayeliita kosa lake mzaha amelitaja, lakini bado hajalibeba. Chama cha riadha cha Marekani hakikucheka, na kilimfungia maisha.

Medali ya dhahabu ilikwenda kwa Thomas Hicks, naye hakuishinda kwa nguvu zake peke yake. Njiani wasaidizi wake walimpa strikinini, sumu itumikayo kuulia panya, iliyochanganywa na ute wa mayai, kisha wakamnywesha brandi. Alifika akiwa hoi, akishikiliwa asianguke. Hakuadhibiwa, kwa sababu wakati ule hapakuwa na kanuni iliyokataza dawa. Shirikisho la riadha la dunia lilizipiga marufuku mwaka 1928, na Olimpiki ilianza kupima wanamichezo mwaka 1968. Ikumbukwe kuwa gari la Lorz lilikuwa na mwenyewe, na sumu ya Hicks ilikuwa na mikono iliyoitoa. Historia imewataja zaidi wakimbiaji kuliko wasaidizi wao.

Baadaye Lorz aliomba radhi. Wakuu wa riadha waliridhika kuwa hakukusudia kuiba ushindi, wakamfungulia mlango ndani ya miezi michache. Aprili 19, 1905, alisimama kwenye mstari wa kuanzia mjini Boston, na safari hii alikimbia njia yote kwa miguu yake. Alishinda kwa saa 2, dakika 38 na sekunde 25. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Homa ya mapafu ilimchukua Februari 4, 1914, akiwa na umri wa miaka 29.

Maisha yake mafupi yana la kutufundisha Afrika Mashariki, ambako dawa za kuongeza nguvu zimetia doa ushindi mwingi. Mkenya Rita Jeptoo alinyang'anywa ushindi wake wa Boston wa mwaka 2014 baada ya kubainika kuwa alitumia EPO, na mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimfungia miaka 4. Mwenzake Ruth Chepngetich alifungiwa mwaka 2025 kwa miaka 3 badala ya 4, kwa kuwa alikiri kosa mapema na kukubali adhabu. Sheria za leo, kama wakuu wa enzi za Lorz, zinampa nafuu anayekiri.

Kukiri, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Lorz angeweza kuendelea kushikilia hadithi ya mzaha, au kumtupia lawama mwenye gari. Aliomba radhi, kisha akakimbia mbele ya macho ya watu wote waliokuwa na kila sababu ya kumshuku. Ndiyo maana anakumbukwa kwa mbio mbili, ile ya aibu ya St. Louis na ile ya halali ya Boston, na hakuna aliyelazimika kuifuta ya kwanza ili kuiandika ya pili.