Baden-Powell na Moto wa Kambini



Kila mwaka mvua zinapokwisha na upepo wa kusi unapoanza kuvuma, nyasi za Mtwara hukauka upesi. Ndio wakati vijana wetu hupata likizo na kutamani kwenda kambini. Yafaa basi tukumbuke maisha ya mtu aliyewafundisha vijana wa nchi nyingi kuwasha moto, kuutunza na kuuzima.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari, 1857. Baba yake alikuwa padre wa Kanisa la Uingereza na profesa wa jiometri huko Oxford. Alifariki Robert akiwa na miaka mitatu tu, na mama akabaki kuwalea watoto peke yake. Shuleni Charterhouse palikuwa na kichaka ambacho wanafunzi walikatazwa kuingia. Robert alijificha humo, akatega sungura na kuwapika kwa moto mdogo usiotoa moshi, maana moshi ungewaita walimu. Utoro hatuusifu. Lakini huko ndiko alikojifunza kwamba moto mzuri si lazima uwe mkubwa.

Mwaka 1876 aliingia jeshini, akatumika India na Afrika. Tusimfanye malaika. Alikuwa askari wa dola iliyotutawala, na mwaka 1896, katika vita vya nchi iitwayo leo Zimbabwe, aliamuru Chifu Uwini, aliyekuwa mateka, apigwe risasi. Jambo hilo lilimletea lawama. Sifa yake ilienea Uingereza alipoulinda mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini, uliozingirwa kwa siku 217, tangu 1899 hadi 1900. Mjini humo wavulana walipewa kazi ya kupeleka barua na habari, naye akaona kwamba kijana akiaminiwa kazi ya kweli, huifanya.

Mwezi wa Agosti, 1907, aliwachukua wavulana wapatao ishirini kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wengine walikuwa wana wa matajiri, wengine wa watu wa kazi; aliwachanganya katika vikosi vinne. Asubuhi aliwaamsha kwa pembe ya tandala aliyotoka nayo Afrika, na usiku waliketi kuuzunguka moto wakisikiliza hadithi zake. Mwaka 1908 alitoa kitabu chake cha maskauti, na mafunzo yake akayaita mazungumzo ya kando ya moto.

Kuhusu moto alifundisha hivi. Kabla ya kuwasha, fyeka nyasi na majani yote kuzunguka mahali pa moto. Ukiamua kuzichoma nyasi hizo, choma kidogo kidogo, huku mmekwisha kuandaa matawi au magunia ya kuupigia moto usivuke. Anza na vijiti vyembamba vilivyokauka, kisha kuni kubwa. Usiwashe moto mkubwa kuliko haja yako. Mgeni wa porini ndiye anayerundika magogo. Mkiondoka, msiache kitu ila shukrani.

Kisiwa chenyewe cha Brownsea kilikuja kutoa ushuhuda. Mwaka 1934 moto ulizuka huko ukawaka kwa juma zima na kuteketeza sehemu kubwa ya kisiwa. Majengo ya upande wa mashariki yalipona kwa sababu upepo uligeuka.

Mwaka 1938 Baden-Powell na mkewe Olave walihamia Nyeri, Kenya. Alifariki huko tarehe 8 Januari, 1941, akiwa na miaka 83, akazikwa mahali panapoelekea Mlima Kenya. Juu ya kaburi lake imechorwa duara yenye nukta katikati, alama ya maskauti ya kwamba mwenye kuiweka amekwenda nyumbani.

Sasa tujiulize sisi wenyewe. Mkorosho huchukua miaka kukua, nao ndio ada ya shule na bati la nyumba. Chini yake majani makavu hulala tele, na cheche moja ikichukuliwa na kusi, shamba la jirani limekwisha. Kwa hiyo kambi isiwekwe ndani ya mikorosho, wala karibu na nyumba za makuti. Mwenye moto asiondoke bila kumwachia mwingine zamu, na ndoo ya maji iwepo kabla ya kiberiti kuwashwa. Wanaopiga kambi ufukoni, kama kule Msimbati, wasifukie makaa kwa mchanga. Mchanga hutunza joto, na mtoto apitaye pekupeku baadaye huungua nyayo. Mwageni maji, koroga majivu, mwageni tena, mpaka mkono ukiwekwa karibu usisikie joto.

Wazazi, msiwakataze vijana moto. Kaeni nao, mwashe pamoja, na mwisho wao ndio wauzime, ninyi mkiangalia.