Yohane Bosco Ashinda Hasira

Giovanni Bosco, tunayemwita Yohane Bosco, alizaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha Becchi, nchi ya Italia. Baba yake alikufa wakati Yohane hajatimiza miaka miwili. Mama yake Margherita, mjane maskini, alilima shamba na kulea watoto.

Yohane alikuwa mtoto hodari mwenye akili, lakini moyo wake uliwaka upesi kama majani makavu. Inasimuliwa kwamba siku moja, alipokuwa mdogo sana, alirudi nyumbani pamoja na kaka yake Giuseppe. Wote wawili walikuwa na kiu. Mama alimpa Giuseppe maji kwanza. Yohane akaona wivu. Zamu yake ilipofika, akayakataa. Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Aliyaondoa maji, akanyamaza. Baadaye hasira ikapoa, lakini kiu ikabaki. Yohane akaja polepole, akaomba msamaha, akapewa maji. Hasira yake haikumwumiza mtu mwingine ila yeye mwenyewe.

Alipokuwa na miaka 9 aliota ndoto. Aliona watoto wengi wakicheza, na wengine wakimtukana Mungu. Akawarukia kwa ngumi ili wanyamaze. Lakini Mtu mmoja mwenye uso wa kung'aa akamwita, akamfundisha kwamba atawapata watoto hao kwa upole na upendo, si kwa mapigo. Yohane hakuisahau ndoto hiyo maisha yake yote.

Lakini kusikia fundisho si kulishika. Alipokuwa akisoma katika mji wa Chieri, vijana wakorofi walimpiga rafiki yake Luigi Comollo, mtu mpole asiye na nguvu nyingi za mwili. Yohane akawaka. Kwa kuwa hakuona fimbo, alimkamata mmoja wao mabegani, akamtumia kama rungu kuwapiga wengine. Wanne wakaanguka. Comollo hakumsifu. Alimwambia kwamba Mungu hakumpa nguvu zile ili awaangamize wenzake, na kwamba inafaa kusamehe. Yohane akastaajabu. Yule dhaifu alimshinda, maana aliutawala moyo wake.

Mwaka 1841 Yohane alipewa upadri katika mji wa Torino. Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule alikuwa akijitayarisha kusoma Misa. Kijana mmoja maskini, Bartolomeo Garelli, akaingia sakristia. Mlinzi wa kanisa akamtaka atumikie Misa. Kijana hakujua kutumikia, basi mlinzi akampiga na kumfukuza. Padri Bosco akasikitika, akaagiza kijana aitwe tena, akazungumza naye kama rafiki. Garelli akarudi siku nyingine pamoja na wenzake. Mwaka 1846 vijana walikuwa wamekwisha kuwa mamia, wakapata mahali pao pa kusali, kusoma na kucheza, huko Valdocco.

Wengi wao waliishi bila wazazi, wakazoea kugombana. Padri Bosco aliwaacha wakimbie, waruke na kupiga kelele kiwanjani, naye alicheza pamoja nao. Walimu wake walipaswa kukaa kati ya vijana, ili wazuie ugomvi kabla haujaanza. Mwaka 1877 aliyaandika mafundisho yake: mwalimu atumie akili, dini na upendo. Asimpige mtoto, wala asimvute masikio. Mtoto akikosa, asiaibishwe mbele ya wenzake, bali aitwe kando na kuonywa kwa upole, mpaka alitambue kosa lake.

Padri Bosco alikufa tarehe 31 Januari 1888. Mwaka 1911 watawa wa shirika lake, Wasalesiani, walifika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, wakafundisha vijana wa Kongo. Mwaka 1934 Papa Pio wa 11 alimtangaza kuwa mtakatifu.

Yohane Bosco hakuzaliwa mpole. Alijifunza upole kidogo kidogo, kwa mama yake na kwa rafiki yake, kisha akawafundisha wengine. Mtoto anayekasirika na anyamaze kwanza, angoje moyo upoe, ndipo aseme.

Maulizo
1. Mama Margherita alifanya nini Yohane alipokataa maji?
2. Kwa nini Comollo hakumsifu Yohane?
3. Wewe ukikasirika, unafanya nini ili moyo wako upoe?