Victor Horsley na Namba Tatu za Kichwani

Ukichora grafu shuleni unatumia majiranukta, yaani namba mbili zinazoonyesha nukta iko wapi kwenye karatasi. Sasa mfikirie daktari anayetaka kufika mahali padogo kama punje ya mtama, katikati ya ubongo, naye haoni ndani. Akikosea kidogo tu, mgonjwa anaweza kupoteza usemi au nguvu za mkono. Afanyeje?

Victor Horsley alizaliwa London mwaka 1857, na huko huko akasomea udaktari. Mwaka 1887 alimpasua mgonjwa aliyekuwa na uvimbe uliobana uti wa mgongo, akautoa, na mgonjwa akatembea tena. Jina lake likavuma.

Lakini Horsley alitaka pia kujua kila sehemu ya ndani ya ubongo ina kazi gani. Mwenzake, Robert Clarke, ndiye aliyebuni chombo cha kuwasaidia. Kilikuwa fremu ya metali iliyofungwa kichwani, ikashikizwa kwenye matundu ya masikio na chini ya macho. Kuanzia hapo walihesabu milimita: mbele au nyuma, kulia au kushoto, juu au chini. Kwa namba hizo tatu, sindano ilifika pale pale walipotaka. Mwaka 1908 walichapisha maelezo ya kazi yao.

Walikitumia kwa wanyama tu, hasa kima. Vichwa vya watu hutofautiana mno, kwa hiyo mifupa ya nje haikutosha kuonyesha kilichomo ndani. Horsley hakuiona siku ya kukitumia kwa binadamu. Mwaka 1916, wakati wa vita, alikwenda kuwatibu askari katika nchi tunayoiita leo Iraq, akafa huko kwa sababu ya joto kali.

Mwaka 1947, huko Philadelphia, Marekani, madaktari Spiegel na Wycis waliunganisha wazo lile na picha za eksrei, wakamtibu binadamu. Leo madaktari hutumia picha za kompyuta, lakini bado wanatafuta namba tatu zile zile.

Jaribu nyumbani: mzazi afiche kitu chumbani, kisha akupe namba tatu tu. Sentimita ngapi kutoka mlangoni, ngapi kutoka ukuta wa kushoto, na ngapi kutoka sakafuni. Je, utakipata?