Friedrich Simony na Njia ya Vyuma

Mimi katika wapanda milima namheshimu sana Friedrich Simony, aliyezaliwa Bohemia mwaka 1813. Alianza kwa kujifunza kazi ya dawa, kisha akasomea sayansi mjini Vienna. Hakuwa wa kwanza kufika kilele cha Dachstein huko Austria, chenye mita 2,995. Lakini mwaka 1843 alisimamia kazi ya kuchonga vikanyagio mwambani, kupigilia vyuma na kufunga kamba, ili wengine nao wapite salama. Mwaka 1851 akawa profesa wa kwanza wa jiografia katika Chuo Kikuu cha Vienna. Alifariki mwaka 1896. Sisi tuliotangulia, tumewapigilia wadogo zetu chuma gani?