Jenerali Tombeur, Mbelgiji aliyeiteka Tabora 1916

Ukiwa Karagwe au Kyerwa, ukivuka mto Kagera tu uko Rwanda. Mto huo kuwa mpaka wa nchi mbili kuna mkono wa Charles Tombeur, jenerali mwenye jina kubwa kwao Ubelgiji.

Alizaliwa Liège mwaka 1867, akaingia jeshini, kisha akapelekwa Kongo na kupanda hadi vyeo vya juu vya utawala Katanga. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, akakabidhiwa majeshi ya mpaka wa mashariki.

Aprili 1916 akaanza kusonga mbele. Mei akaichukua Kigali, mwishoni mwa Julai Kigoma. Iliyobaki ni Tabora.

Kwa nini Tabora? Reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma ilipita hapo, na njia za zamani za misafara zilikutana hapo. Reli ya Mwanza ilikuja baadaye, 1928. Wajerumani walishahamishia serikali yao huko, na kwenye karakana ya reli wakatengeneza hadi sarafu za dhahabu.

Mji ulilindwa na Kurt Wahle, jenerali mstaafu aliyekuja 1914 kumtembelea mwanawe, vita ikamkuta huku. Tombeur alimbana kwa vikosi viwili: cha Olsen kilifuata reli kutoka magharibi, cha Molitor kilishuka kutoka kaskazini kupitia Biharamulo. Usoke, Lulanguru na Itaga damu ilimwagika kwelikweli. Usiku wa kuamkia Septemba 19, Wahle akauacha mji.

Waliopigana, pande zote mbili, wengi walikuwa Waafrika. Nyuma yao walikuwepo maelfu ya wapagazi waliobeba risasi na chakula, na wengi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu.

Mwaka 1917 Wabelgiji waliwakabidhi Waingereza mji huo, lakini ushindi ule uliwapa nguvu mezani. Baada ya vita wakabaki na Ruanda-Urundi, Waingereza wakapata Tanganyika. Hata Gisaka, ng'ambo ya Karagwe, kwanza walipewa Waingereza waliotaka njia ya reli, kisha ikarudishwa Rwanda miaka michache baadaye.

Tombeur akapewa ubaroni, na jina la Tabora likaunganishwa na lake. Alifariki mwaka 1947. Mpagazi aliyebeba risasi hadi Itaga hakupewa jina la mji wowote.